Sauti ya Zohali

Jioni ya mvua, katika vilima vya dhahabu vya Geita, mchimbaji afunguapo redio ya mawimbi mafupi husikia mkwaruzo: krr! krr! Ni radi iliyo mbali, ng'ambo ya ziwa. Umeme wake hutupa mawimbi ya redio, nayo hukimbia upesi kama nuru. Ngurumo huja nyuma, taratibu, ikitumia sekunde tatu hivi kwa kila kilometa.

Basi mawimbi ya redio hayatoki kwa mitambo ya watu tu. Sayari kubwa pia huyatoa. Mwaka 1955 Wamarekani wawili, Bernard Burke na Kenneth Franklin, walinasa mkwaruzo ambao asili yake ilikuwa sayari ya Mshtarii. Lakini Zohali, sayari yenye pete, ilikuwa kimya.

Haikuwa kimya kweli. Juu ya dunia, kilometa mia na zaidi, kuna tabaka la hewa nyembamba lililotiwa umeme na jua. Huitwa ayonosfia. Mawimbi marefu hayalipenyi. Hurudishwa kama mpira ugongao dari. Watu wa Shinyanga walifaidiwa na dari hilo: BBC ilipoanza kutangaza kwa Kiswahili kutoka London, mwaka 1957, maneno yalivuka mabara yakidunda baina ya nchi na dari. Dari lile lile huyafukuza mawimbi ya Zohali, ambayo mengi urefu wake wapata kilometa nzima.

Hapana budi, basi, kutoka nje ya dari. Mwaka 1980 chombo kiitwacho Voyager 1 kiliikaribia Zohali, kikayapata mawimbi hayo. Hutolewa na elektroni, chembe ndogo mno za umeme, zizungukazo katika nguvu za sumaku ya sayari. Yalizidi na kupungua kwa mapigo, nao wataalamu wakafurahi, kwani Zohali ni gesi na mawingu, haina mlima wa kuhesabia mizunguko yake. Wakasema siku yake ni saa 10 na dakika 39.

Mwaka 2004 chombo kingine, Cassini, kikafika. Mapigo yalikuwa yamechelewa dakika sita hivi! Sayari kubwa namna ile haiwezi kupunguza mwendo kiasi hicho kwa miaka 24. Tena ikaonekana kwamba kaskazini na kusini mwa sayari kila upande una pigo lake. Saa ile haikuwa ya kuaminiwa.

Cassini iliungua katika mawingu ya Zohali mwaka 2017. Mwaka 2019 wataalamu, wakichunguza mawimbi madogo yaliyoonekana katika pete, si ya redio tena, walipata saa 10, dakika 33 na sekunde 38.