Kwa Nini Divai Changa ya Mwaka wa Ukame Hukausha Ulimi

Tarehe 4 Julai, 2022, serikali ya Italia ilitangaza hali ya hatari katika mikoa mitano ya kaskazini kwa sababu ya ukame. Miongoni mwayo ulikuwamo mkoa wa Piemonte, ambako katika vilima vya Langhe hukuzwa mzabibu uitwao Nebbiolo. Divai nyekundu ya mzabibu huo ina ukakasi hata mvua inapokuwa ya kutosha. Je, mvua ikikosekana, mwonjaji hukuta nini katika bilauri?

Mwonjaji stadi hanywi. Hutazama rangi, hunusa, huzungusha funda dogo kinywani, kisha hulitema. Hupima hasa mambo matatu: ukakasi, nguvu ya kileo na uchachu.

Ukakasi si ladha kama utamu au uchungu, bali ni hisia ya mguso. Aliyepata kula bibo la mkorosho au kunywa chai ya rangi iliyokolea mno anaufahamu. Tanini zilizomo katika maganda na mbegu za zabibu huungana na protini za mate. Mate hupoteza utelezi wake, na ulimi hukwaruzana na kaakaa kana kwamba umekauka. Wanafunzi waweza kulithibitisha jambo hili kwa vikombe viwili vya chai kali, kimoja chenye maziwa na kingine kisicho nayo. Maziwa hupunguza ukakasi kwa kuwa protini zake huzinasa tanini kabla hazijayafikia mate.

Mzabibu unapokosa maji, punje zake hubaki ndogo. Tuchukulie kuwa punje ni tufe. Uwiano wa eneo la uso wake na ujazo ni 3 kugawanywa kwa nusu-kipenyo. Nusu-kipenyo kikipungua kutoka milimita 8 hadi 6, uwiano huo huongezeka kwa theluthi moja. Kwa kuwa divai nyekundu huchachuliwa pamoja na maganda, kila lita hupata tanini nyingi zaidi.

Ama kuhusu kileo, takriban gramu 17 za sukari katika lita moja huzaa asilimia 1 ya kileo. Maji ya zabibu yenye gramu 221 hutoa divai ya asilimia 13. Yenye gramu 255 hutoa ya asilimia 15, ambayo huacha joto kooni. Uchachu nao hupungua, kwani asidi ya maliki hutumika katika upumuaji wa punje, na joto kali huiteketeza upesi.

Hapa ndipo mkulima anapotatizika. Ukame ukizidi, mmea hufunga stomata za majani yake ili usipoteze maji. Hewa ya kabonidayoksaidi haiingii vyema, na usanisinuru husita. Hata hivyo, kipimo cha sukari chaweza kuendelea kupanda kwa sababu tu maji ya punje yanapungua, ilhali mbegu zingali bichi na tanini zake ni kali. Akivuna mapema, divai hukwaruza; akingoja, asidi hupotea na kileo huzidi. Ndiyo maana mkulima mwangalifu hategemei kipimo hicho peke yake: huonja punje, hutafuna mbegu, na hutazama kama zimegeuka rangi ya kahawia.

Je, kungoja baada ya kuvuna hakutoshi? Barolo, divai mashuhuri ya mzabibu huohuo, hulazimika kisheria kutunzwa kwa muda usiopungua miezi 38, ambayo 18 kati yake ni ndani ya mapipa ya mbao. Katika muda huo tanini huungana zenyewe kwa zenyewe na kwa chembe za rangi, nyingine hutuama chini, na ukakasi hulainika. Lakini muda haurudishi asidi iliyoteketea juani. Kwa hiyo mwonjaji wa divai changa hasumbuliwi sana na ukakasi, maana huo una dawa. Hutafuta uchachu kwanza, kwa kuwa uchachu uliopotea shambani haurejeshwi na pipa.