Siku ya 46

Mama yule alipanda ngazi za ofisi yangu mjini Iringa asubuhi moja ya Julai, mwezi ambao baridi ya huku haimwachi mtu atoe mikono mfukoni. Alikuwa ametoka Kilolo na gari la alfajiri. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, "Marahaba mwanangu, kamwene," kisha akaketi na kufungua fundo la kitenge. Ndani mlikuwa na mfuko wa nailoni, na ndani ya mfuko mlikuwa na karatasi: muhtasari wa kikao cha ukoo, samansi tatu zilizochakaa kwenye mikunjo, stakabadhi kadhaa, na hukumu ya Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Alikuwa ameshindwa kesi ya shamba aliloachiwa na marehemu mumewe. Alitaka kukata rufaa.

Kabla ya kusoma neno lolote nilitazama tarehe. Kazi hii inakuzoeza hivyo. Nikasogea kwenye kalenda ya ukutani nikahesabu kwa ncha ya kalamu, maana rufaa kutoka baraza lile kwenda Mahakama Kuu ina siku 45. Nikahesabu tena, nikiomba niwe nimekosea. Alikuwa amefika siku ya 46.

"Mama, nakala ya hukumu walikupa lini?"

"Siku ileile waliyosoma, mwanangu. Waliniambia nikae nje kidogo, wakaniletea."

Jibu lile lilinichoma. Siku ambazo mtu anasubiri nakala ya hukumu na tuzo huondolewa kwenye hesabu, mradi tarehe zionekane kwenye kumbukumbu. Yeye hakuwa na siku hata moja ya kuondoa. Nikamuuliza alikuwa wapi muda wote huo. Akanitazama kana kwamba jambo lenyewe liko wazi. Alikuwa anauza mahindi, debe moja moja, atafute hela ya wakili.

Nimefanya uwakili wa kujitegemea kwa miaka kadhaa, Iringa na Mbeya, na kama kuna jambo moja ninalotaka wasomaji wa Nyanda za Juu Kusini walijue kuhusu kazi yetu, ni hili: wengi wenu mnatufikia mmechelewa, na kuchelewa huko mara nyingi si kosa lenu. Angefika jana yake jioni, ningeandika sababu za rufaa usiku na kuzituma kwa mtandao. Kanuni za 2018 za kusajili mashauri kielektroniki zinauhesabu waraka uliotumwa kabla ya saa sita usiku kuwa ni wa siku hiyo. Saa chache tu zingetosha.

Badala yake tulifungua maombi ya kuongezewa muda. Mtu asiyeijua kazi hii anaweza kudhani ni barua ya kuomba radhi. Sivyo. Ni shauri kamili, lenye hati ya kiapo, na upande wa pili una haki ya kupinga. Mahakama ya Rufani imesimamia kwa ukali kanuni kwamba mwombaji aeleze kila siku aliyochelewa, hata kama ni moja. Kila wakili nchini anakijua kipimo cha shauri la Lyamuya la mwaka 2010: siku zote zielezwe, zisiwe nyingi kupita kiasi, mwombaji asionyeshe uzembe, na kama kuna sababu nyingine nzito, mathalani uharamu katika uamuzi unaolalamikiwa, ielezwe. Kutojua sheria hakukubaliwi kuwa sababu. Ukisema mtendaji wa kijiji ndiye aliyekuchelewesha, huyo mtendaji naye aape. Ukisema uliugua, leta karatasi za hospitali. Umaskini peke yake ni mwamba mgumu kuupanda. Nilikaa na mama yule saa mbili tukiitafuta siku moja ilipopotelea, na wakati wote nilijua kwamba ushauri ambao ungemwokoa mwanzoni ulikuwa wa dakika tano, na nisingemtoza senti.

Kwa nini basi watu hawaji mapema?

Jibu la kwanza limo ndani ya sheria zenyewe. Kesi nyingi za watu wa vijijini huanzia Mahakama ya Mwanzo: mirathi, ndoa, madai madogo, ugomvi wa majirani. Kwa miongo mingi Sheria ya Mahakama za Mahakimu ilimkataza wakili kusimama huko. Kwenye baraza la kata, ambako migogoro ya mashamba ilianzia, ilikuwa vilevile. Kwa hiyo mtu alianza safari peke yake, akazungumza asiyotakiwa kuzungumza, akasahau shahidi muhimu, akashindwa, na ndipo akatafuta wakili. Nami nikirithi faili la namna hiyo, siwezi kuingiza kwenye rufaa ushahidi ambao haukutolewa kule chini, isipokuwa kwa kibali cha nadra. Rufaa inaamuliwa kwa kilichoandikwa.

Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa. Sasa wakili anaweza kumwakilisha mteja katika Mahakama ya Mwanzo pale inapoongozwa na hakimu mkazi. Mabaraza ya kata nayo yaliondolewa mamlaka ya kuamua kesi za ardhi, yakabaki na kazi ya kusuluhisha, na yasipofaulu ndani ya siku 30 mlalamikaji anaweza kwenda mbele. Ni mabadiliko makubwa, na wilayani ninakopita wengi bado hawajayasikia. Bado nakutana na wazee wanaosema Mahakama ya Mwanzo haitaki wakili.

Mirathi ndiyo inayoniumiza zaidi. Mjane anateuliwa msimamizi, anafurahi, anadhani mambo yamekwisha. Hakuna aliyemweleza kwamba ndani ya miezi minne anatakiwa kurudi mahakamani na orodha ya mali na hesabu ya mgawanyo. Miaka inapita, shemeji anaibuka na madai ya kwamba msimamizi ameficha mali, na karatasi ambayo ingemlinda haijawahi kuwapo.

Halafu kuna vishoka. Hawa hukaa karibu na mahakama na mabaraza, na hupatikana pia sokoni. Wana bahasha, wana maneno mengi ya kisheria, na wanajua kumsogelea mtu aliyetoka kusomewa hukumu akiwa amechanganyikiwa. Wanachukua hela, wanaandika waraka wenye kichwa cha habari kisichofaa au wanaupeleka mahakama isiyo na mamlaka, na siku zinahesabiwa. Chama chetu cha mawakili, TLS, kilichoanzishwa mwaka 1954, kimepiga vita vishoka kwa muda mrefu. Lakini kishoka anastawi mahali ambapo wakili wa kweli hayuko, na sisi tumejazana mijini, wengi zaidi Dar es Salaam. Ukiomba kuonyeshwa leseni ya mwaka huu, wakili halisi hatakasirika. Naomba watu waizoee hiyo haki yao.

Jibu la pili ni lugha, na hapa nazungumza kwa uchungu. Kwa miaka nimeishi na utaratibu huu: mkulima wa Rungwe anatoa ushahidi kwa Kiswahili, wakati mwingine Kinyakyusa kikimponyoka pale anapotaja mpaka wa mgomba fulani, hakimu anauandika kwa Kiingereza, hukumu inatoka kwa Kiingereza, kisha mimi nasimama nje ya mlango nikimrudishia mkulima maneno yake mwenyewe kwa Kiswahili, pamoja na habari kwamba hayakuaminika. Februari 1, 2021, katika Siku ya Sheria jijini Dodoma, Rais Magufuli alimpandisha Jaji Zephrine Galeba kuwa jaji wa Mahakama ya Rufani, akimsifu kwa kuandika hukumu kwa Kiswahili huko Musoma. Mwaka huohuo sheria ikatamka kwamba lugha ya sheria na ya mahakama itakuwa Kiswahili. Mazoea hayageuki kwa siku moja, na sisi mawakili tumekuwa wazito kugeuka kuliko mahakimu, kwa sababu vitabu vyetu, maamuzi tunayoyanukuu na hata fahari yetu ya darasani viko kwa Kiingereza. Naliona hili kuwa deni. Mteja akiweza kuisoma hukumu yake mwenyewe jioni ileile, nyumbani kwake, ataona kwamba imeandikwa kuwa ana haki ya kukata rufaa, na ataanza kuhesabu siku.

Kazi hii mikoani ina barabara ndefu. Kutoka Iringa hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 300 kwa barabara kuu ya Tunduma: Mafinga, Makambako, Igawa, Chimala, Uyole. Wakili hulala Makambako na joho kwenye begi, awahi saa tatu asubuhi kesi ya kutajwa, aambiwe imeahirishwa. Majalada yanafuata mazao. Mufindi ni miti na chai, Mbarali ni mpunga, Rungwe ni ndizi na parachichi, Chunya ni leseni za dhahabu, na ukivuka Mbozi kwenye kahawa unafika Tunduma kwenye malori. Takribani kila jalada, ukilifukua, chini yake kuna ardhi.

Iringa inalijua hilo kuliko mahali pengi. Desemba 25, 1971, Mkuu wa Mkoa, Dk. Wilbert Klerruu, alipigwa risasi na kuuawa Isimani na mkulima Said Mwamwindi, katika mvutano wa mashamba wakati wa vijiji vya ujamaa. Mwamwindi mwenyewe aliubeba mwili kwenye gari akaupeleka polisi mjini. Taifa lilitikisika. Hata hivyo alifikishwa Mahakama Kuu, akatetewa na wakili, ushahidi ukasikilizwa mbele ya Jaji Onyiuke, akahukumiwa kifo na akanyongwa. Ninapopangiwa kesi ya mauaji na watu wa mtaani wakaniuliza ninamteteaje mtu wa namna hiyo, huwa nakumbuka shauri hilo. Anayekabiliwa na kosa la kunyongwa lazima awe na wakili, na akishindwa kumlipa, dola inampatia. Malipo ya kesi hizo ni madogo mno, wakati mwingine hayafikii gharama za kukaa Njombe au Makete kwa wiki nzima ya vikao. Tunakwenda. Mtu aliyekaa mahabusu miaka mitatu bila kuzungumza na yeyote anayejua sheria anakushika mkono kupitia nondo na hakiachii kiganja chako.

Mbeya nayo imewahi kuisimamisha nchi nzima isikilize. Julai 2023 wananchi wanne walifungua Mahakama Kuu ya pale shauri la kupinga makubaliano ya bandari baina ya Tanzania na Dubai, na miongoni mwa mawakili wao alikuwamo Boniface Mwabukusi. Agosti 10 majaji watatu walilitupilia mbali. Siku chache baadaye Mwabukusi alikamatwa, akaachiwa baadaye mwezi huohuo. Mwaka uliofuata alipogombea urais wa TLS jina lake lilienguliwa, Mahakama Kuu ikalirudisha, na Agosti 2024 mawakili wakamchagua. Mtu anaweza kukubaliana naye au asikubaliane. Mimi nilichokiona ni kwamba swali zito la katiba na mikataba liliulizwa kwanza Mbeya, mbali na maghorofa ya Posta, Dar es Salaam. Wakulima wa Mbarali nao, wanaogombania mipaka yao na Hifadhi ya Ruaha, wamelipeleka shauri lao mahakama hiyohiyo.

Kuhusu hela nitasema machache. Kuna amri ya mwaka 2015 inayoweka viwango vya malipo yetu, na mteja ana haki ya kuelezwa bei kabla ya kazi na kupewa stakabadhi. Wapo wanaolipa kwa awamu, baada ya mavuno. Kwa asiye nacho kabisa, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria walioko wilayani, na hapa Iringa vyuo vikuu viwili, Chuo Kikuu cha Iringa na kile cha Ruaha, vinafundisha sheria. Mji mdogo kama huu unatoa wanasheria kila mwaka. Wanakwenda Dar es Salaam kusoma Shule ya Sheria kwa vitendo, wanaapishwa na Jaji Mkuu, kisha wengi wanabaki hukohuko wakigombania wateja walewale, huku tarafa nzima za Kilolo na Ileje hazina hata mmoja. Natamani warudi. Natamani wakae siku ya mnada chini ya mwembe na meza moja, wasome karatasi za watu.

Mama wa Kilolo tulimwombea muda. Tulieleza siku yake moja kadiri tulivyoweza, na nguvu yetu kubwa ilikuwa dosari tuliyoikuta ndani ya hukumu yenyewe kuhusu namna baraza lilivyoketi. Ninapoandika makala haya uamuzi bado.

Wiki iliyopita alikuja mzee mmoja kutoka Mufindi. Hakuwa na kesi. Alikuwa na mkataba wa kukodisha shamba la miti, kurasa kumi na moja za Kiingereza, na aliyetaka kulikodi alikuwa anamsubiri mjini na wino wa dole gumba. Mjukuu wake ndiye aliyemwambia apite kwanza kwa wakili. Tulisoma pamoja, kipengele baada ya kipengele, nikimfasiria. Tulipofika panaposema moto ukiteketeza miti hasara ni yake, na miaka ya kukodisha inaendelea kuhesabiwa, alinyoosha mkono akaufunga ule mkataba taratibu.

"Unanidai kiasi gani, mwanangu?" akauliza.

Nikamwambia. Akahesabu noti, akaomba stakabadhi, akaivaa kofia yake na kushuka ngazi kuwahi basi la Mafinga, mkataba ukiwa kwenye mfuko wa koti, haujasainiwa.