Rosine, mama mchungaji aliyezikwa Nyali

Ludwig Krapf hahitaji kutambulishwa kwa Wakenya. Ndiye Mjerumani aliyetumwa na chama cha wamisionari cha CMS cha Uingereza, akatia nanga Mombasa mwaka 1844, mwaka ambao Waanglikana wa Kenya wanauhesabu kuwa mwanzo wa kanisa lao. Kamusi yake ya Kiswahili ilitoka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Mkewe hupewa sentensi moja: alikufa, akazikwa. Kisha ukurasa unafunuliwa.

Rosine Dietrich alikuwa mkazi wa Basel, Uswisi. Kabla ya Krapf alikuwa amechumbiwa na mmisionari mwingine, naye akafariki safarini kabla hata hajaiona Ethiopia. Mwingine angesema basi, Mungu ameonyesha. Rosine alipanda meli mwaka 1842 hadi Misri, akaolewa na Krapf, na fungate yao ikawa Bahari ya Shamu.

Ethiopia iliwafungia milango. Mwaka 1843 walijaribu tena kupitia Massawa, na huko nyikani, katika nchi ya Washoho, Rosine akashikwa na uchungu. Mtoto wa kike alizaliwa, akabatizwa Eneba, yaani chozi kwa Kiamhari, na hakuishi. Kwetu Pwani mzazi hukaa arobaini ndani, akandwe, anyweshwe uji wa pilipili manga. Huyu alirudishwa njiani nguvu hazijamrudia.

Novemba mwaka huohuo waliondoka Aden kuja huku kwetu. Chombo cha kwanza kilijaa maji nusura kizame, wakarudi, wakaabiri kingine. Hesabu miezi, maana Krapf hakuona haja ya kulikazia jambo hili: mtoto wao wa pili alizaliwa Julai 6, 1844. Basi mama huyu alikuwa mjamzito wakati maji yanapanda ndani ya kile chombo.

Januari walikuwa Unguja, ambako Sultani Sayyid Said alimpa Krapf barua ya kumtambulisha kwa wakuu wa pwani. Mei wakahamia Mombasa. Juni 8 Krapf alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Muhyiddin. Tarehe hiyo husherehekewa sana na wapenzi wa lugha. Mimi huiangalia nikikumbuka kwamba nyumba hiyohiyo ilikuwa na mwanamke mwenye mimba ya miezi minane, ugenini, bila mama wala dada.

Homa iliwakamata wote wawili. Wiki moja baada ya kujifungua binti, Julai 13, Rosine alifariki. Krapf alikuwa amelala kitanda cha pili, hajiwezi, akajikokota ili ahakikishe kwamba kweli amekwenda. Siku mbili baadaye kichanga nacho kikafuata.

Alikuwa ameomba azikwe bara, si kisiwani, katika nchi ya Wamijikenda, ambao wakati ule waliitwa Wanyika, ili kaburi lake liwakumbushe wapita njia kazi iliyowaleta wamisionari huko. Hili ndilo jambo lililo lake kweli katika habari yote, uamuzi wake mwenyewe, na kaburi liko Nyali hadi leo.

Krapf aliiandikia kamati yake London kwamba kaburi hilo ni ishara kuwa saa ya Afrika Mashariki imefika. Barua hiyo inanukuliwa katika vitabu vya historia ya kanisa, nami huisoma kwa shida. Mgane mwenye homa ana haki ya kuutafutia msiba wake maana. Sisi hatuna haki ya kumfanya mama na watoto wake wawili kuwa mawe ya msingi, tukaacha kuuliza nani alimshika mkono alipokuwa akifa.

Wala Rosine si peke yake. Rebmann, mmisionari mwenzake Krapf, aliwasili 1846, akaoa 1851. Emma, mkewe, aliishi Rabai hadi alipofariki 1866. Naye ukimtaka, mtafute kwa jina la mumewe.