Kovu Halioshwi kwa Maziwa

Mgonjwa wangu mmoja, aliyechimba tanzanaiti Mirerani kwa miaka 14, alikuwa akinywa lita nzima ya maziwa kila jioni. Ngazi za mlango wa kliniki ni nne tu, na alisimama mara mbili kuzimaliza. Nilipomuuliza habari za maziwa alinitazama kama anayemkumbusha daktari kitu cha darasa la kwanza. "Si niliambiwa mapafu yamechafuka?"

Aliambiwa kweli. Neno hilo tunalo mdomoni sisi madaktari kila tunapoinua picha ya kifua kwenye mwanga: linatoka haraka na halimtishi mtu. Lakini kitu kilichochafuka huoshwa, na nani kwetu aliyefanya kazi ya vumbi asisikie kwamba maziwa husafisha kifua? Maziwa huenda tumboni. Njia ya pafu ni nyingine, na yakipotea huko ni balaa. Yule bwana hakuwa mjinga. Alilichukua neno la daktari akalifuata mpaka mwisho wake.

Alikuwa na silikosisi. Mwamba ukitobolewa mkavu, bila maji, hutoa vumbi la silika, na punje zinazodhuru zaidi ni zile ambazo jicho halizioni. Hupita puani na kooni hadi kwenye vifuko vya hewa. Askari wa mwili huzimeza, hushindwa kuziyeyusha, hufa nazo, na mahali hapo panajengeka kovu. Kwa kawaida huchukua zaidi ya miaka 10, ingawa vumbi likiwa zito miaka hupungua, na kovu likishaanza linaweza kuendelea hata baada ya mtu kuuaga mgodi. Silika pia huifungulia TB mlango. Wengi wa wagonjwa hawa wameshameza dawa za TB miezi 6, makohozi yakapimwa, wakaambiwa "uko safi". Daktari alimaanisha vimelea hakuna. Mgonjwa alisikia kifua kimepona, na akiendelea kutweta anaanza kuhesabu majirani wenye kijicho.

Siku hizi nasema kovu. Yule bwana alikuwa nalo moja kubwa la zamani juu ya kiwiko. Nikamwomba avute ngozi ya pembeni, ikavutika. Avute kovu lenyewe, likagoma. Nikamwambia pafu lake limejaa makovu ya namna hiyo, madogo madogo, na kazi ya pafu ni kutanuka. Alilivuta tena, na tena. Nikanyamaza. Hapo ndipo wengi wetu tunapoharibu: tunaujaza ukimya huo kwa kiwango cha oksijeni na tarehe ya kurudi, eti tunasaidia.

Mwaka 2000 madaktari Walter Baile, Robert Buckman na wenzao walichapisha utaratibu wa hatua 6 wa kutoa habari mbaya, walioutunga kwa ajili ya wagonjwa wa saratani. Ninazozithamini zaidi ni hatua mbili za kuuliza kabla ya kusema: mgonjwa anajua nini, na anataka kujua kiasi gani? Ila kwenye mapafu kuna ugumu ambao saratani nyingi hazina. Mtu anayehema hutoa maneno matatu, anavuta pumzi, anatoa mawili. Kila swali analinunua kwa pumzi, kwa hiyo anaacha kuuliza, nasi tunaandika kwenye faili kwamba hana maswali. Mazungumzo mazito nayafanya siku ambayo kifua kimetulia, nikiwa nimeketi. Tatizo ni kwamba siku hiyo kila mtu anaona mambo si mabaya, daktari akiwamo.

Na ndugu wapo. Kaka yake alinivuta koridoni. "Daktari, usimwambie, atakata tamaa." Sikubishana naye. Nilimuuliza anachokiogopa, kisha tukaingia wote, nikamuuliza mwenyewe mbele yake: haya majibu nikupe peke yako, au kaka awepo? Akasema kaka akae.

Halafu likaja lile swali. "Nitapona?" Nikamwambia kovu halitaondoka. Kisha, bila kukimbia, nikamweleza yaliyobaki, maana "hakuna la kufanya" ni uongo: kutorudi kwenye vumbi, kupima TB kila dalili zinapojitokeza, mazoezi ya kutembea kwa kipimo, kupewa oksijeni itakapopungua mwilini, na kuoga akiwa ameketi ili pumzi isiishie bafuni. Nikagusia na mofini, ambayo kwa dozi ndogo huweza kupunguza ile hofu ya kukosa hewa. Aliposikia jina hilo kaka mtu alishtuka, na ilitubidi turudi nyuma tueleze upya kwamba siyo dawa ya kumaliza mtu.

Siulizi tena "umeelewa?" Jibu lake ni "ndiyo, daktari" siku zote, kwa heshima. Nilimuuliza hivi: ukifika nyumbani mama watoto atataka kujua daktari kasema nini, utamwambiaje?

Akavuta pumzi. "Nitamwambia ni kovu." Akapumzika. "Hela ya maziwa... anunue kigoda. Cha bafuni."