Mgawaji Anapokosea: Meza ya Poka na Sheria Zake (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita makala haya yalieleza jinsi mkono mmoja wa Texas Hold'em unavyokwenda: karata mbili za siri kwa kila mchezaji, kisha tano za wazi katikati ya meza, tatu kwa mpigo, halafu moja, halafu moja. Leo zamu ni ya mtu asiyeshinda wala kushindwa, ilhali kila karata inapita mikononi mwake. Huyo ni mgawaji.

Magazetini, mwanasiasa aliyejipanga vyema husifiwa kwamba amechanga karata zake vizuri. Kwenye kasino mchezaji hachangi chochote. Anachanga mwajiriwa, tena kwa kasi ya mikono 30 hivi kwa saa. Kwa mwendo huo kidole lazima kiteleze siku moja.

Tuseme karata ya kwanza inafunuka wakati wa kugawa. Hapo mkono unafutwa, karata zinakusanywa na kuchangwa upya. Lakini nafasi ya kufuta ni fupi. Kwa kanuni za TDA, chama cha waendesha mashindano ya poka kilichoanzishwa mwaka 2001, zamu mbili zikishachezwa, walau moja kwa kuweka chipu, au zamu tatu za aina yoyote, mkono hauwezi tena kufutwa hata kama mgawo ulikuwa na kasoro. Bila mpaka huo, mwenye karata mbovu angenyamaza, asome meza, kisha apige kelele kwamba mgawo ulikosewa.

Kosa linalowasha moto zaidi ni la haraka. Mchezaji mmoja hajaamua, mgawaji tayari kafunua karata ya nne. Kila mtu ameiona. Wa kwanza inamfaa, wa pili inamuua, na kila mmoja ana hoja yake. Msimamizi wa ukumbi huitwa, na tiba yake ina hatua. Karata ile inawekwa kando. Wachezaji wanamaliza kuweka dau. Mgawaji anatupa karata moja kifudifudi kama kawaida, kisha anafunua ile ambayo ingekuwa ya tano, nayo inakuwa ya nne. Dau la raundi hiyo likiisha, karata iliyowahi inarudishwa kwenye pakiti, pakiti inachangwa, na ya tano inatolewa bila kutupa nyingine. Kwa hiyo karata iliyofunuka haikufukuzwa mchezoni: inaweza kurudi, ila hakuna anayeweza kuitegemea.

Akifunua nne badala ya tatu mwanzoni, zote nne hugeuzwa kifudifudi na kuchanganywa. Msimamizi anachomoa moja bila kuchagua, hiyo inakuwa ya kutupwa, na tatu zinabaki mezani.

Uzuri wa kanuni hizi ni kwamba dawa imeandikwa kabla mtu hajajua itamponya nani. Msimamizi hahitaji kuuliza nani angeshinda. Akianza kuuliza hivyo, haki imeshaondoka mezani.

Lipo kosa moja ambalo mzigo wake huangukia mchezaji. Mgawaji akizoa karata za mtu ambaye bado yumo mchezoni, zikapotea ndani ya rundo la zilizotupwa, mwenyewe hana fidia. Atarudishiwa tu dau ambalo hakuna aliyelilinganisha. Ni kanuni chungu, ila kuchimbua rundo kwa kubahatisha kungefungua mlango wa udanganyifu. Ndiyo maana wazoefu huweka kitu juu ya karata zao. Johnny Chan, bingwa wa dunia wa mwaka 1987 na 1988, alijulikana kwa kuja na chungwa.

Mfano mkubwa wa mkono uliokufa kabla ya wakati ulitokea Las Vegas mwaka 2012, katika mashindano makuu ya World Series of Poker, na safari ile aliyeteleza kwanza alikuwa mchezaji. Gaëlle Baumann wa Ufaransa aliongeza dau. Andras Koroknai wa Hungaria akaweka chipu zake zote, kisha, akidhani wote wamejitoa, akazitupa karata zake. Baumann alikuwa bado na zake mkononi. Waamuzi wakaamua kwamba mkono wa Koroknai umekufa, lakini atapoteza kiasi kinacholingana na dau la Baumann tu, zilizobaki azichukue.

Mjadala ulikuwa mkali, na anayemhurumia Baumann halaumiwi. Hata hivyo uamuzi ule ulikuwa sahihi, kwa sababu Baumann alikuwa hajalinganisha dau lile kubwa, na dau lisilolinganishwa hurudi kwa mwenyewe. Kati ya washiriki 6,598, Baumann alitoka akiwa wa 10, hatua moja kabla ya meza ya mwisho ya watu tisa. Koroknai alifika meza hiyo na kumaliza wa 6.