Timu yako ikipinduliwa meza, moyo wako unastahimili?

Jumapili ya Oktoba 20, 2013, Yanga ilikwenda mapumziko ikiongoza mabao 3-0 dhidi ya Simba kwenye Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam. Mrisho Ngasa alikuwa amefunga moja na Hamis Kiiza mawili. Kipindi cha pili Betram Mwombeki, Joseph Owino na Gilbert Kaze wakarudisha yote matatu, na mpira ukaisha 3-3. Kwenye msimamo wa ligi hiyo ni sare. Kwa shabiki wa Jangwani aliyekuwa ameshaanza kusherehekea, ilikuwa sawa na kufungwa.

Wa Msimbazi nao wasicheke sana. Januari 4, 2020 kibao kiliwageukia: waliongoza 2-0, Yanga ikasawazisha, ikawa 2-2.

Kama unaishi Kibaha au Kisarawe, unajua siku kama hizo zinavyokuwa. Dar es Salaam ni jirani, hivyo wapo wanaopanda daladala mapema kwenda uwanjani. Wanaobaki hujazana kwenye vibanda umiza, kuanzia Maili Moja na Mlandizi hadi Kisarawe mjini na Maneromango. Baada ya filimbi ya mwisho utamsikia mtu ameshika kifua akisema, “Jamani, hii timu itaniua.” Watu wanacheka, maisha yanaendelea.

Mara nyingi ni utani kweli. Leo tunazungumzia siku ambayo si utani, na namna utakavyoitambua.

Kwa nini inauma kuliko kufungwa mapema

Timu ikifungwa dakika ya tano, akili yako inapata muda wa kuzoea. Ikiongoza mabao matatu, ushindi unakuwa umeshauweka mfukoni. Umeshamtumia shemeji ujumbe wa kejeli, umeshaahidi soda, na kama umebeti, umeshaanza kupangia matumizi hela ya mkeka. Mabao yakirudishwa, unaona kama umenyang'anywa kitu ambacho tayari kilikuwa chako.

Mwaka 1979 wataalamu wa saikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza kwamba uchungu wa kupoteza kitu huwa mkubwa kuliko furaha ya kupata kitu cha thamani ileile. Ndiyo maana sare moja huwapeleka mashabiki wa upande mmoja barabarani wakipiga vuvuzela, na wa upande wa pili wakalala bila kula.

Ndani ya mwili kunatokea nini

Ukipata mshtuko au hasira, mwili humwaga homoni ya adrenalini kwenye damu. Moyo hupiga haraka na kwa nguvu, mishipa ya damu husinyaa, presha hupanda, na damu yenyewe huwa rahisi kuganda. Huo ni mpango wa mwili wa kukusaidia kupigana au kukimbia. Tatizo ni kwamba wewe hupigani wala hukimbii. Umekaa kwenye benchi, kwenye joto, dakika tisini.

Kwa mtu mwenye afya njema, hali hiyo hutulia yenyewe baada ya muda. Kwa mtu ambaye mishipa yake ya moyo ina utando wa mafuta, presha ya ghafla inaweza kuupasua utando huo. Damu huganda pale pale, mshipa huziba, na sehemu ya msuli wa moyo inakosa damu. Huo ndio mshtuko wa moyo. Mshipa ukiziba au kupasuka kwenye ubongo, ni kiharusi.

Haya yamepimwa. Wakati wa Kombe la Dunia la 2006 nchini Ujerumani, watafiti walifuatilia dharura za moyo katika jiji la Munich na maeneo ya jirani. Siku ambazo timu ya Ujerumani ilicheza, dharura hizo zilikuwa zaidi ya mara 2.6 ya siku za kawaida, na nyingi zilitokea ndani ya saa mbili za kwanza tangu mechi kuanza. Walioathirika zaidi ni wale ambao tayari walikuwa na ugonjwa wa moyo.

Uingereza nako, Juni 30, 1998, timu ya England iliongoza 2-1 dhidi ya Argentina, ikasawazishiwa, kisha ikatolewa kwa penalti. Siku hiyo na mbili zilizofuata, wagonjwa waliolazwa kwa mshtuko wa moyo waliongezeka kwa asilimia 25.

Upo pia ugonjwa ambao mishipa ya moyo haijaziba, lakini huzuni au mshtuko mkubwa huufanya msuli wa moyo kulegea na kutuna upande mmoja. Madaktari wa Japani walioueleza mwaka 1990 waliupa jina la takotsubo, yaani mtungi wa kunasia pweza, kwa sababu moyo huchukua umbo la mtungi huo. Huwapata zaidi wanawake wa umri mkubwa. Kwa hiyo usidhani kwamba bibi anayeangalia mpira na wajukuu hahusiki.

“Presha ya mechi tu”

Hapa ndipo penye hatari kubwa kwa shabiki wetu. Kwa kuwa kila mtu kibandani analalamika kifua, anayeumwa kweli anachanganyika nao. Anaambiwa akanywe maji, akalale, kesho atazoea. Yeye mwenyewe anaona aibu kwenda hospitali kusema ameugua kwa sababu ya mpira. Saa zinapita, na katika ugonjwa wa moyo na kiharusi saa hizo ndizo tiba.

Kwa hiyo zishike dalili hizi. Kifua kinachobana au kuuma kama kimewekewa mzigo, na hakitulii ndani ya dakika chache za kupumzika. Maumivu yanayosambaa kwenye mkono, hasa wa kushoto, shingo, taya au mgongo. Jasho la baridi, kichefuchefu, kupumua kwa shida, kizunguzungu au kuzimia. Wanawake, wazee na wenye kisukari wanaweza kupata mshtuko wa moyo bila maumivu makali ya kifua. Wanachoka ghafla, wanakosa pumzi au wanahisi tumbo la juu limejaa.

Za kiharusi ni mdomo kwenda upande, mkono au mguu mmoja kulegea, kauli kuwa nzito au kupotea, macho kuona giza ghafla, au kichwa kuuma kwa ukali ambao hujawahi kuupata. Hata zikitoweka baada ya dakika kumi, bado nenda hospitali siku hiyo hiyo. Ni onyo.

Ukiziona kwa mwenzako, mkalishe, mlegezee nguo, msogezeni penye hewa, na tafuteni usafiri mara moja. Usimpe dawa ya presha ya mtu mwingine. Kama kauli imepotea au mdomo umepinda, usimpe chakula wala maji, anaweza kupaliwa. Asiendeshe pikipiki mwenyewe. Aliye Kibaha apelekwe Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Tumbi, aliye Kisarawe aende Hospitali ya Wilaya. Ukiwa mbali na hapo, kwa mfano huku Mzenga au Maneromango, anza na kituo cha afya kilicho karibu ili waanze huduma na wapange rufaa. Wanaohitaji matibabu makubwa zaidi ya moyo hupelekwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Muhimbili. Usisubiri dakika za nyongeza ziishe.

Jiandae kabla ya mechi

Wanaopaswa kujiandaa zaidi ni wenye presha, kisukari, waliowahi kupata kiharusi au ugonjwa wa moyo, wavuta sigara, na mtu yeyote mwenye umri wa miaka 40 na kuendelea ambaye hajawahi kupima. Presha haina dalili kwa wengi. Vipimo vikisoma 140/90 au zaidi katika siku tofauti, hiyo ni presha ya kupanda na inahitaji kufuatiliwa. Pima ukiwa umetulia angalau dakika tano, si mara tu unapotoka kibandani.

Kama una dawa za kila siku, zimeze kwa saa yake hata kama mechi ndiyo inaanza. Usimeze mara mbili kwa sababu ni dabi, na usiache ili upate nafasi ya bia. Pombe, sigara na vinywaji vya kuongeza nguvu huusukuma moyo ambao tayari unakimbia. Nyama choma na chipsi zenye chumvi nyingi si rafiki wa presha. Kunywa maji, hasa kama kibanda kina joto. Mgonjwa wa moyo aliyepangiwa kiasi cha maji na daktari afuate kiasi hicho.

Mwenye kisukari anayechoma insulini ana hatari yake nyingine. Ukichoma halafu ukaahirisha kula mpaka mpira uishe, sukari itashuka. Utatetemeka, utatoka jasho na moyo utakwenda mbio, na wenzako watadhani ni ushabiki. Kula kwanza. Weka mfukoni kitu chenye sukari kama juisi au pipi.

Kaa pembeni karibu na mlango, na mwambie mtu mmoja unayemwamini kuhusu ugonjwa wako. Ukiona mabao yanarudishwa na mapigo yanakimbia, toka nje. Vuta hewa taratibu kwa pua, itoe polepole kwa mdomo, rudia kwa dakika chache. Kutoka uwanjani dakika ya 85 si usaliti kwa timu.

Ukirudi nyumbani

Mzazi, sehemu hii ni yako. Wachumi David Card na Gordon Dahl walichapisha mwaka 2011 utafiti kuhusu mashabiki wa soka la Kimarekani. Timu ya nyumbani iliyotarajiwa kushinda ilipofungwa, taarifa polisi za wanaume kuwapiga wenza wao ziliongezeka kwa asilimia 10. Ilipotarajiwa kufungwa na ikafungwa kweli, ongezeko hilo halikuonekana. Kinacholeta balaa ni matarajio yaliyovunjika ghafla, hali ileile ya kuongoza 3-0.

Haihalalishi kipigo. Inakupa nafasi ya kujipanga. Kama unajijua hasira zako, usiingie ndani nazo. Tembea kidogo, oga, kula, acha simu na makundi ya utani mpaka asubuhi. Na ninyi wa nyumbani ambao timu yenu imeponea, utani una mahali pake. Mtani akinyamaza, mwache. Mtoto au jirani anayeshuhudia ukatili dhidi ya mtoto anaweza kupiga namba 116 bila malipo.

Mtoto akilia kwa sababu timu imerudishiwa mabao, usimwambie “mwanaume halii”, wala usimcheke kwa kuwa wewe ni wa upande wa pili. Mwambie unaona ameumia, kisha mpe kazi au mchezo mwingine. Anajifunza kushindwa kwa kukutazama wewe. Ukipiga televisheni teke, ndilo somo alilopata.

Mtoto mwenye pumu anaweza kubanwa kifua kwa kulia au kupiga kelele sana, hasa akiwa kwenye kibanda chenye vumbi na moshi wa sigara. Dawa yake ya kuvuta iwe karibu. Mwenye seli mundu akiishiwa maji au kuchoka sana anaweza kuingia kwenye maumivu makali, kwa hiyo anywe maji mara kwa mara, na mkirudi usiku avae nguo ya kumkinga na baridi. Watoto wa shule ya msingi wanahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12. Mechi za Ulaya za usiku wa manane si zao siku ya shule. Na kubeti kwa aliye chini ya miaka 18 ni kosa kisheria, hata kama mkeka ameandikiwa na kaka yake.

Huzuni isipoondoka

Kwa kawaida uchungu wa mechi hupungua ndani ya siku chache. Ukipita wiki mbili hulali, huli, hufurahii chochote, au deni la mikeka limekufanya utamani kufa, hilo si suala la mpira tena. Zungumza na mtu wa karibu leo hii na uende hospitali. Pale Tumbi au Kisarawe unaweza kuanza na daktari wa zamu. Usiachwe peke yako katika hali hiyo.

Mpira una faida zake: unakutanisha majirani, unampa mzee sababu ya kutembea hadi kwa rafiki yake, unawapa baba na mtoto jambo la kuongea. Endelea kuupenda. Ila wiki hii, kabla ya ratiba kukufikisha kwenye mechi nyingine kubwa, pita kwenye kituo cha afya upime presha na sukari. Pointi mbili zilizopotea zinaweza kutafutwa mechi ijayo. Msuli wa moyo ukifa haurudi.