Jembe Likijilimia

Mjomba wangu ni dereva wa lori kati ya Dallas na Houston. Barabara kuu ya I-45, maili 240 hivi, ameizoea hata usiku wa mvua. Kwa kiti hicho amewasomesha wadogo zake nyumbani.

Mwishoni mwa Aprili 2025, kampuni ya Aurora ilianza kusafirisha mizigo katika barabara hiyohiyo kwa lori lisilo na dereva. Majuma machache baadaye mtu alirudishwa kitini kwa ombi la watengenezaji wa lori, lakini kazi yake ilikuwa kutazama tu. Aliyeendesha ni kompyuta.

Mjomba aliniuliza, "Mwanangu, wewe unayesoma falsafa, yule aliyeketi akitazama ni dereva au ni abiria?" Nilikosa jibu, nikamrudia Mwalimu Nyerere.

Mwaka 1962, Tanganyika ikiwa na miezi michache tu ya uhuru, Nyerere aliandika insha yake juu ya Ujamaa. Tamaa ya kujilimbikizia mali ilikuwa imeanza kuitikisa jamii. Alikumbusha methali: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika jamii ya jadi, alieleza, kila mtu alikuwa mfanyakazi; kinyume chake hakikuwa mwajiri peke yake, bali pia mzururaji.

Methali hiyo haikuwazia jembe linalojilimia. Dereva aliyepokonywa kazi na kompyuta hakukataa jembe. Tukimpima kwa kazi peke yake, tutamwita mzururaji bila kosa lake.

Lakini Azimio la Arusha la 1967 liliuliza jambo jingine: njia kuu za uchumi zimilikiwe na nani? Majibu ya wakati ule yaliwaumiza wengi, hasa waliohamishiwa vijijini kwa nguvu miaka ya 1970. Swali lenyewe bado lipo, na sasa linapita I-45. Jembe likijilimia, mavuno ni ya nani, na aliyelima jana atakula nini?

Falsafa haiwezi kulisimamisha lori. Inaweza kutuzuia tusiisingizie teknolojia mambo yaliyoamuliwa na watu. Texas iliruhusu magari haya kwa sheria ya 2017, na waliotunga sheria wanaweza kuulizwa.

Nimemwalika mjomba kwenye mkutano wetu ujao. Wanachama na walimu, njooni tumjibu.